Gari Lisilowahi Kulala Nyumbani

3 Februari

Shikamoo Shangazi,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri, cherehani mbele yako na kikombe cha chai mbali na kitambaa, kama ulivyotufundisha. Sisi huku hatujambo. Mvua imechelewa na mapaa yamejaa vumbi. Mama mdogo amejifungua mtoto wa kike, na wote wawili ni wazima. Mimi bado natengeneza mageti na madirisha ya chuma hapa hapa uani kwangu. Majirani wanakuja kulalamikia kelele, kisha wanaagiza geti.

Baba hajambo. Anakusalimu.

Nakuandikia kwa sababu nina jambo ambalo siwezi kumwuliza mtu wa hapa bila kuchekwa. Nataka kuikata pikapu ya Baba. Siiuzi vipande vipande, nataka kuifupisha. Nitashusha bodi ya nyuma, nikate chasisi, yaani vile vyuma viwili virefu vinavyobeba gari zima kutoka pua hadi mkia, nitoe kipande katikati, kisha nivichomelee tena. Kuchomelea najua. Lakini geti likiachia, linaanguka mlangoni. Gari likiachia, linaachia na watu ndani.

Wewe umekata vitambaa vya watu maisha yako yote, na sijasikia umeharibu hata kimoja. Mtu anapataje ujasiri wa kukata kitu ambacho hakina kingine kama hicho?

Ni mimi, mwanao wa cheche.


27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imekunjwa mara nyingi kuliko ilivyostahili, lakini inasomeka. Mpe mama yako mdogo pongezi zangu. Nguo ya mtoto nimekwisha kuikata na itafuata. Hapa mambo ni yale yale. Sare za shule nimemwachia mwanafunzi wangu wa zamani. Mimi nashona zile tu ambazo mwenyewe anakuja nyumbani kupimwa.

Umeuliza habari ya ujasiri. Mkasi hauhitaji ujasiri. Unahitaji karatasi. Kabla sijagusa kitambaa cha mtu, nakata karatasi kwa vipimo vyake, naibana mwilini mwake kwa pini, namwambia akae, asimame, ainue mikono. Karatasi ikichanika, hakuna anayelia. Basi tafuta karatasi ya gari lako.

Hata hivyo, umejaza ukurasa mzima na hukunipa sababu. Hakuna mwenye akili timamu anayefupisha gari kwa kuwa ni refu. Tena umeandika "Baba hajambo, anakusalimu" kwenye mstari wa peke yake, kama mtu aliyeweka sahani mezani akaondoka upesi asiulizwe kilichomo. Mdogo wangu hajaniandikia tangu mwaka jana. Kama ana hasira nami, niambie. Kama si hasira, niambie pia.

Shangazi yako.


20 Machi

Shikamoo Shangazi,

Nguo ya mtoto imefika na imemkaa sawasawa. Mama mdogo anasema utadhani ulimpima akiwa tumboni. Mvua imenyesha hatimaye, na paa la karakana yangu limevuja pale pale linapovuja kila mwaka.

Si hasira. Ni katazo. Baba alipigwa na kiharusi akaanguka bafuni mwezi wa Oktoba. Mdomo umerudi, mkono umerudi, miguu haijarudi. Alinishika kwa ule mkono mzima akasema nikikuambia, utafunga cherehani uje kumchunga kama maziwa jikoni, na hataki. Leo nimevunja katazo lake, na lawama nitabeba mwenyewe.

Sasa utaelewa habari ya gari. Unakikumbuka kichochoro chetu: kinaanza kwangu chini barabarani, kinapanda kama ngazi isiyo na vidato, kinafika kwenye ukuta wa mawe wa yule mzee tunayemwita Bwana Ukuta, kinapinda ghafla, ndipo unapokuta mlango wa Baba. Pikapu haijawahi kupinda pale tangu alipoinunua. Miaka yote alihamisha vitu vya watu hadi vizingitini mwao, na jioni aliegesha kwangu akapanda kwa miguu. Ukuta haubomoki, kwa sababu ndio unaoizuia nyumba ya mwenyewe isiteremke barabarani. Bajaji ilijaribu, ikafika katikati, ikarudi kinyumenyume bila kuombwa. Kiti cha magurudumu kilitaka watu wanne na kamba. Walimbeba hivyo mara moja kwenda hospitali, na aliporudi alisema imetosha. Nimebeba makabati ya watu ujana wangu wote, alisema. Mimi si kabati.

Daktari wa mazoezi anasema miguu ina nafasi kama atapelekwa kwake kila wiki. Anasema pia kwamba nafasi hiyo haingoji. Baba hajavuka kizingiti tangu wakati ule. Basi nimeona kwamba kama yeye hatabebwa, gari litamfuata mlangoni.

Nilitafuta karatasi, kama ulivyosema. Nilifunga fito kwa kamba, urefu na upana wa pikapu ilivyo sasa, majirani wanne wakaingia ndani, wawili mbele wawili nyuma, tukaibeba kiunoni kupanda kichochoro. Muuza mkaa alikuwa mbele kulia, akipiga honi kwa mdomo. Bwana Ukuta alitoa kigoda akakaa mlangoni kutuhesabia makosa. Shangazi, tulifika kwenye kona, tukapinda, tukapita bila kugusa jiwe hata moja. Nilisimama nimeduwaa. Yaani gari lingeweza kupita miaka yote hii, bila kukatwa hata ukucha? Watu wakapiga makofi. Muuza mkaa akasema Baba alikuwa anapenda tu kutembea.

Ndipo tukasikia kicheko dirishani. Sikuwa nimekisikia tangu Oktoba. Baba alikuwa ameshika nondo za dirisha, anacheka mpaka anakohoa.

"Gari halitembei kama kaa," akasema. "Ninyi mmepiga hatua za ubavuni. Tairi itafanya hivyo?"

Kumbe ndivyo. Tulipofika kwenye kona, wa nyuma walisogea pembeni bila kujijua, kama mtu anavyompisha mwenzake mlangoni. Watu wanne, na mimi mtu wa vipimo, hakuna aliyeona. Baba aliziangalia zile fito kwa muda. Kisha akauliza hilo ni gari la nani. Nikamjibu ni lake. Nilidhani atafunga dirisha. Badala yake akatuma walete magurudumu ya mkokoteni.

Tulifunga ya nyuma yasiweze kupinda, na ya mbele yapindike kwa kamba. Alituongoza kwa fimbo kupitia zile nondo, akitutukana kwa mapenzi, mpaka tukajua ukweli wake: dhiraa moja na shubiri lazima itoke. Tangu siku ile kiti chake hakiondoki dirishani.

Mwanao.


11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hapa tumepata jirani mpya anayefuga bata. Wanapita chini ya dirisha langu asubuhi kama wanafunzi waliochelewa. Cherehani imepata mkanda mpya.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Sitaandika nilivyojisikia. Usimwambie kwamba najua. Ukaidi ule alijifunza kwangu, siwezi kumnyang'anya nilichompa mwenyewe.

Tuzungumze kazi. Sijui kama chuma kina tabia ya kitambaa, lakini kila kinachoshonwa huvuta. Ukishona upande mmoja moja kwa moja hadi mwisho, ndipo ugeukie wa pili, nguo itakaa upogo na hakuna pasi itakayoinyoosha. Shikiza kwanza pembe zote. Pima. Kisha shona kidogo huku, kidogo kule, uache nguo ipumzike. Mshono usiuweke mahali panapokunjwa, kwa maana suruali hupasuka hapo. Na palipobeba uzito, weka kiraka kwa ndani, kirefu kuliko unavyodhani kinatosha.

Ukichoka, acha. Aliyechoka huona mstari ulionyooka hata pale ulipopinda.

Jambo jingine dogo. Mlango wa abiria wa gari hilo uko juu kiasi gani kutoka ardhini? Nijibu kwa sentimita. Ni udadisi tu.

Shangazi yako.


30 Mei

Shikamoo Shangazi,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu mikono yangu haikuwa ya kushika kalamu. Nyumbani wote wazima. Mtoto ameanza kucheka, hasa akisikia grainda, nasi tunaogopa atarithi karakana. Barua yako ilinukia dawa ya kuchua viungo. Nadhani mtu wa posta anaumwa mgongo.

Nimelikata.

Nilitoa betri na tangi la mafuta nikavipeleka upande wa pili wa ua. Nilinyanyua gari kwa jeki, nikalilaza juu ya magogo, mbele na nyuma ya mahali pa kukata, ili kila nusu isimame yenyewe. Nilivuta uzi kutoka pembe hadi pembe, msalaba, nikaandika vipimo ukutani kwa chaki. Kisha nikachora pa kukatia. Sikuchora mstari mmoja wima. Nilichora kidato, kama sehemu mbili za mbao zinavyopandana, ili mshono usikae wote mahali pamoja.

Shangazi, ule uzi wa mwisho wa chuma ulipokatika, nilizima grainda nikangoja kishindo. Hakikuja. Zile nusu mbili zilisimama kimya, kila moja na magurudumu yake, na katikati mwanga ukapita. Nimelijua gari lile tangu nikiwa mdogo nalala kwenye kiti chake, na sikuwahi kufikiri kwamba ndani yake kuna mahali pa kupitisha mwanga. Kuku wa jirani akaingia upande huu, akatokea upande ule, akiokota vijiwe katikati ya gari la Baba. Nilikaa chini. Sikugusa kitu tena siku ile.

Kesho yake, kile kipande kikiwa kimetoka, tuliisukuma nusu ya nyuma ikaifuata ya mbele. Nilishikiza pembe zote, nikapima msalaba, na kumbe chuma kweli kinavuta kama kitambaa: uzi mmoja ulizidi mwenzake kwa unene wa msumari. Nikavunja mashikizo nikaanza upya. Mara ya pili nyuzi zililingana. Nikaenda kidogo huku, kidogo kule, napumzisha. Nimechomelea miaka mingi, lakini sikuwa nimewahi kukitazama chuma kama nilivyokitazama safari hii. Nyuma ya kioo cheusi huoni ua, huoni mikono yako. Unaona kitone kimoja cha chuma kilichogeuka maji. Kinatetemeka, kinaonja kingo zote mbili, kisha kinakumbuka kwamba ni chuma. Hapo ndipo hakuna tena huku wala kule.

Baba hawezi kuuona ua wangu kutoka dirishani, lakini anausikia. Katikati ya kazi muuza mkaa alishuka na ujumbe. Baba yako anasema unakimbia, alisema. Moto ukiwa sawa unalia kama mafuta kwenye kikaango, na wako sasa unalia kama mtu anayetema maganda. Nilivua kinyago nikaangalia. Alikuwa amesema kweli. Nikasaga kipande kile nikarudia.

Viraka nimeweka kwa ndani, virefu. Fundi wa breki ameweka mabomba mapya. Propela, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma, iko kwa mkerezaji inafupishwa. Baba ameagiza gari lijazwe mchanga likae limebeba kabla ya kubeba mtu, halafu mkaguzi wa magari aje alilalie chini. Mpaka akubali, haliendi popote.

Mlango wa abiria ulikuwa juu sentimita sitini na tano. Nasema ulikuwa. Nimechomelea kidato chini yake, na kishikio pembeni. Baba aliposikia aliuliza ni cha nani, maana yeye kidato hakimsaidii. Nikamjibu ni udadisi tu.

Mwanao.


2 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Hujaniandikia tangu Aprili, na nilipopiga simu mwanafunzi wako alisema umelala mchana. Sijawahi kukujua ukilala mchana. Sitauliza. Sisi hatujambo, mtoto ameota meno mawili na anayajaribu kwenye vidole vya kila mtu.

Mkaguzi amekuja. Ni mtu mrefu asiyecheka. Alilala chini ya gari na tochi, akagonga mishono kwa nyundo ndogo, mmoja mmoja, huku ameinamisha sikio kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Alipotoka alijipangusa, akauliza nani amechomelea. Nikasema mimi. Akaniangalia mikono, akatia sahihi.

Nilitaka kulipandisha siku ile ile. Baba amekataa. Anasema gari ambalo halijawahi kufika mlangoni haliji kwa majaribio. Lije siku moja, kwa safari ya kweli. Daktari wa mazoezi amempangia kuanza Jumatatu ya mwisho ya mwezi huu. Mimi nasema wazi ninachokiona: anaogopa, Shangazi. Haogopi kona. Anaogopa kwamba atashuka chini, na chini hakutakuwa na mtu wala kitu cha kumfanya aone ilifaa.

Mwanao.


14 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Sina habari nyingi. Bata wametotoa.

Nimekata tiketi. Nitafika Jumamosi asubuhi, kabla ya hiyo Jumatatu yenu. Njoo kunipokea kituoni kwa teksi, si kwa pikapu. Pikapu iache mahali pake. Baba yako usimwambie jina la abiria. Mwambie tu kuna mzigo chini unaotaka kupandishwa kwake, na haubebeki kwa mikono.

Shangazi yako.


16 Septemba

Mwanangu,

Marahaba kwa zile shikamoo zote ulizonipa nikiwa kwenu, ambazo nusu yake sikuziitikia. Nimefika salama. Nimekuta bata wameingia mpaka ndani. Nasikia mdogo wangu anakwenda kwenye mazoezi kila Jumatatu na anagombana na daktari. Hiyo ni dalili nzuri. Mtu hagombani na kitu alichokikatia tamaa.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo uliloshindwa kuliona, kwa kuwa wewe ndiwe uliyeshika usukani. Jumamosi ile uliniacha pale chini uani kwako, juu ya kigogo kilichobaki kwenye kazi yako, magongo yangu yakiwa magotini. Ulipanda peke yako. Nilisikia injini ikilalamika, nikasikia gari likipinda, kisha nikasikia kimya. Hapo nilijua gari limefika mlangoni mwa mdogo wangu kwa mara ya kwanza. Muuza mkaa alisimama karibu yangu.

Nilingoja ajivute kutoka kwenye kiti chake hadi garini. Nilitumia muda huo kukagua ua wako. Kile kipande ulichokitoa, cha dhiraa na shubiri, ulikuwa umekiegemeza ukutani. Nilikishika. Ni kizito. Nilistaajabu kwamba kitu kifupi kiasi kile ndicho kilichokuwa kimemfungia mtu ndani.

Kisha mkaanza kurudi, kinyumenyume, kwa kuwa kule juu hapana pa kugeuzia. Mkia ulitokea kwanza nyuma ya ukuta. Ulikuja taratibu sana. Nimeshona mikono ya makoti, najua jinsi bega linavyoingia mahali pake: hulisukumi, unaligeuza, na kwa muda mdogo unadhani haliwezekani. Ndivyo lilivyopinda. Bwana Ukuta alikuwa amesimama kwenye kigoda chake ameshika kichwa. Kati ya gari na mawe yake ningeweza kupitisha rula ya kupimia, iliyolala. Nikaona mkono ukitoka dirishani upande wa abiria. Ulikuwa mkono wa mdogo wangu, kiganja kimefunguka. Aliuweka juu ya ukuta ule akaupapasa jiwe baada ya jiwe, gari likishuka, mpaka ukuta ukaisha na kiganja chake kikabaki hewani. Hakukirudisha ndani.

Nimeishi siku nyingi, mwanangu. Nimeona bahari ikijaa na nimeona jua likipatwa mchana kweupe. Sijaona kitu kilichonishika moyo kama mkono ule.

Mliposimama mbele yangu, wewe uliruka kwenda kuangalia tairi, na nadhani ulifanya makusudi. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumkemea. Alinitazama. Akatazama magongo yangu mawili. Mimi nikatazama miguu yake, ilivyokaa pamoja, mahali ilipowekwa.

"Kumbe na wewe," akasema.

"Na mimi."

Hakuna aliyemwuliza mwenziwe tangu lini. Alishika kiti kwa mikono yote miwili, akajivuta hadi katikati kunipisha. Nikaweka mguu kwenye kidato chako. Kilikuwa mahali pake hasa.

Kuhusu mshono. Siku ya pili, mlipokuwa mnakula, nilimwomba yule mama mdogo aninyooshee mkeka kando ya gari nikainama kuutazama. Wa kushoto sina la kusema. Wa kulia, karibu na mwisho, umepita upesi kidogo. Unashika, lakini wewe na mimi tunajua.

Nimalizie jioni ile ya kwanza. Ulikuwa tayari unachukua funguo ulishushe gari kwako, kama lilivyozoea. Mdogo wangu aliuona mkono wako ukutani penye msumari wa funguo. Alikuwa amekaa kitandani nami nimekaa kando yake, na kupitia mlango uliokuwa wazi tuliiona taa moja ya mbele ya gari, yenye ufa.

Akakwambia, "Liache. Nalo lilale kwao."

Shangazi yako.